Vigingi Vilivyoota

Ukitaka kumkasirisha Eustakia, mwambie "ndivyo ilivyo." Neno hilo hakulipenda tangu utotoni kule Nyakisasa, Ngara, alipomwuliza katekista kwa nini kengele ya kanisa hupigwa mara tatu na si nne. Alijibiwa ndivyo ilivyo, akarudi nyumbani amenuna, hata viazi hakuvigusa. Mama yake alisema mtoto huyu ataolewa na mtu mwenye subira au hataolewa kabisa. Akaolewa na Ansbert wa Biharamulo, mtu mpole, ambaye katika maswali matano alijibu mawili na matatu akayaacha yajijibu yenyewe.

Mwaka wa sabini na nane Eustakia alikuwa na miaka ishirini na sita, binti mmoja aitwaye Deodata, na kazi ya kujitolea: kufundisha kisomo cha watu wazima katika kijiji cha ujamaa cha Nguvumoja, kando ya barabara iendayo Nyakanazi. Alasiri, watu wakitoka shamba la kijiji, walikaa juu ya magogo na kusoma kwenye ubao uliopakwa unga mweusi wa betri za tochi. Wengine walikuwa wazee kuliko baba yake. Aliwafundisha kwa adabu, na walipokosea aliwauliza maswali mpaka wajisahihishe wenyewe kwa kuchoka.

Mtu mmoja tu wa nyumbani kwake hakukubali kuja darasani, naye ni baba mkwe wake, Desderius. Sisi tunaweza kulitaja jina hilo; Eustakia hawezi. Kwao Ngara mkamwana halitamki jina la baba mkwe hata nyumba ikiungua. Atasema "Baba", atasema "mzee wa hapa", na akibanwa sana atasema "yule aliyemzaa Ansbert."

Desderius alizaliwa kisiwani Lugenyi, katika ziwa kuu, na huko alivua, alilima mihogo, alioa, na alimzika mama yake. Mwaka wa sitini na tano waliambiwa kisiwa sasa ni cha wanyama, watu wahamie bara. Wenzake kabla ya kupanda mitumbwi walikata kila mmoja tawi la mulamula. Huo ndio mti wa majani marefu kama mapanga ambao watu wa pande hizi huupanda kwenye mpaka wa kiwanja, kwenye lango, na juu ya makaburi. Ukihama unakata tawi la ule wa zamani na kulipanda unakofika. Likishika, nawe umeshika. Desderius alikataa kukata. Alisema kukata ni kukubali kwamba umehama, na yeye anakwenda kutembea tu.

Matembezi hayo yalifika miaka kumi na mitatu. Kwanza alikaa kwa binamu yake ufukweni, kisha ikaja operesheni ya vijiji akapewa kiwanja Nguvumoja, namba thelathini na moja. Nyumba akajenga na ikawa nzuri, lakini mulamula hakupanda. Mpita njia akiuliza, "Hapa ni kwa nani?" Desderius hujibu, "Kwa serikali. Kalibuni, na sisi ni wageni." Ulimi wake haukuwahi kuzitenga vizuri l na r, lakini maana yake ilikuwa wazi, na katibu wa kijiji ilimkera. Siku moja alimwambia, "Mzee, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Desderius akamjibu, "Jembe nimepewa. Kwetu ndiko sijapewa."

Lingebaki kuwa la kuchekesha kama kifua chake kisingeanza kumsumbua. Mwaka huo, wakati wa mvua za masika, alikohoa wiki sita mfululizo. Siku moja alimwita Ansbert na kumwambia akifa asizikwe hapa penye gesti, nyumba ya wapita njia. Apelekwe kwa mama yake. Ansbert alitoka nje akakaa kwenye kinu. Kisiwani hakuzikwi mtu tena, kila mmoja alijua. Eustakia naye alimwuliza mumewe, "Sasa tutafanyaje?" na hilo likawa mojawapo ya yale maswali matatu.

Basi Julai darasa la Eustakia likashinda mashindano ya kisomo ya wilaya. Zawadi ilikuwa safari: wanafunzi kumi na wawili na mwalimu wao kwenda kuona hifadhi ya kisiwani, njia zake za kutembea porini, na wanyama, ili wajue mali ya taifa. Na kisiwa chenyewe ni Lugenyi.

Jioni kabla ya safari alikwenda kwa baba mkwe, akapiga magoti kando ya mlango, uso ameuelekeza pembeni kama inavyompasa.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, Mama Deo. Nimesikia unakwenda kwetu."

"Nakwenda, Baba. Niangalie nini?"

"Angalia kama upo."

"Nini, Baba?"

"Mulamula. Juu ya mama. Kuna jiwe kama kuku anayeatamia, linaangalia maji. Nyuma yake."

"Nikuletee tawi?"

"Sikukutuma," alisema Desderius, akageukia ukuta.

Eustakia alilala na jibu hilo. Halikuwa ndiyo wala hapana, na mtu kama yeye ukimpa kitu cha namna hiyo umemnyima usingizi.

Lori liliwafikisha Nyamirembe saa nne asubuhi. Eustakia alikuwa mtu wa milimani. Maji mengi kuliko yote aliyopata kuyaona ni mto uliofurika chini ya Bugarama alipokwenda kumtembelea shangazi. Aliposhuka akasimama kimya hata wanafunzi wake wakadhani anaumwa. Kisha maswali yakaanza. Ng'ambo iko wapi? Mbona haionekani? Aliinama akachota maji kwa kiganja akayaonja, maana alishasikia kwamba maji makubwa yana chumvi. Hayakuwa na chumvi. Alionja tena mahali pengine ili awe na hakika.

Kwenye boti alikaa karibu na askari wa hifadhi aliyetumwa kuwaongoza. Huyu aliitwa Bernardo, mtu wa Manyoni, mrefu, kofia imefifia kwa jua. Alikuwa amezoea wageni wanaoogopa maji na kunyamaza. Eustakia aliogopa maji lakini hakunyamaza. Akauliza kama ni kweli kuna twiga kisiwani. Kweli, waliletwa kwa meli. Twiga kwenye meli? Walisimama au walilala? Walisimama ndani ya masanduku. Na shingo? Bernardo akakiri kwamba yeye hakuwapo. Eustakia aliyawaza masanduku hayo kwa muda, akayapimia urefu kwa mikono.

Gatini palikuwa na kibao, na Bernardo akawaomba wasome kwa sauti, maana hao ni watu wa kisomo. Wakasoma kwa pamoja, kwa fahari, kama wanaoimba: mgeni haruhusiwi kuchukua kitu chochote, iwe mmea, jiwe, yai, wala unyoya. Walipomaliza walipiga makofi. Eustakia hakupiga. Yeye ndiye aliyewafundisha kusoma neno "mmea", na sasa alilisoma tena peke yake.

Bernardo hakuwa na mchezo na kibao chake. Hawajatembea hatua mia, Theonest, bingwa wa hesabu wa darasa, akaokota unyoya wa kanga na kuuficha mfukoni. Akaambiwa aurudishe palepale, na si karibu na palepale.

Njia yenyewe ilikuwa nzuri, nasi hatuna sababu ya kuificha sifa yake. Ilifuata ufuko, ikaingia msituni penye giza la kijani na harufu ya udongo mbichi, ikatoka tena kwenye ghuba ndogo ambamo viboko waliinua masikio tu. Waliona mamba mmoja amelala mdomo wazi. Tai mwenye kichwa cheupe alipiga kelele juu ya mti mkavu. Eustakia aligusa magome, alinusa majani, alitaka kujua kila mti unaitwaje kwa Kizinza, na Bernardo alipokosa jina alitaka kujua sababu ya kulikosa. Lakini macho yake yalikuwa yakitafuta jiwe. Mawe yalikuwa mengi, mengine kama ng'ombe, mengine kama mkate. Kuku hakuwapo.

Kisha wakatoka kwenye kona moja, na Adelfina, mama mtu mzima aliyekuwa akitangulia na rozari shingoni, akasimama ghafla. Wote wakarundikana nyuma yake.

Mbele yao njia ilipita katikati ya safu mbili za mulamula. Mirefu hadi kifuani, imenyooka, hatua tatu kutoka mmoja hadi mwingine, kulia na kushoto, mpaka njia ilipopinda.

"Hapa hatupiti," alisema Adelfina.

"Kwa nini, mama?" aliuliza Bernardo.

"Ni kwa watu."

"Hakuna mtu hapa kwa miaka kumi na mitatu."

"Basi ni makabuli," alisema Adelfina, na kuketi chini.

Wenzake wakaketi. Theonest alibaki amesimama ili ahesabu. Upande mmoja alihesabu arobaini na tatu, akavua kofia. Akauliza kwa sauti ya chini ni tauni gani iliyowaua watu wote hao wakazikwa kwa mstari. Bernardo aliwatazama watu wazima walioketi njiani na kukataa kutembea, kisha akaitazama ile miti, na mara akaanza kucheka mpaka akashika magoti.

"Ni vigingi vyangu," alisema. "Nilivichomeka mimi. Nilipewa kazi ya kuonyesha njia isipotee."

Kwao Manyoni, alieleza, ukichomeka kijiti ardhini kinakauka na kinabaki kijiti. Hapa alikata fito kichakani akazipigilia kwa nyundo mwaka juzi, mvua zikanyesha, na aliporudi zilikuwa na majani. Mkubwa wake alimgombeza kwamba aliambiwa aweke vigingi, si apande bustani. Ndipo wanafunzi wa kisomo wakacheka wao. Adelfina alicheka hata akajifuta machozi kwa khanga. Yaani mtu mzima akate mulamula apige nyundo, asijue amefanya nini! Hata hivyo hakuinuka. Kitu kikishaota, alisema, si kigingi tena. Kimekubaliana na ardhi, na ukikipita bila ruhusa umevuka mpaka wa mtu.

"Basi tupige hodi," alisema Eustakia.

Wakasimama wakapiga hodi, watu kumi na watatu, kuelekea msituni. Hapakuwa na jibu. Wakapiga ya pili. Bernardo alikuna shingo, akaona kwamba kama hakuna mwingine wa kuitikia basi ni yeye, akasema, "Karibuni." Wakapita wakiwa wameinamisha vichwa kidogo, kama watu wanaoingia uani kwa jirani.

Eustakia hakupita. Alibaki ameshika jani mojawapo, na swali lilikuwa limemjia ambalo wenzake hawakulifikiria. "Bernardo," alisema, "fito hizi zote ulizikata wapi?"

"Mahali pamoja tu. Kichaka kimoja kikubwa, sijaona kingine kisiwani."

"Wapi?"

"Mbele, Kituo cha Tano. Wageni wanapopumzikia. Kuna jiwe kubwa."

"Lina umbo gani?"

Bernardo alifikiri. "La jiwe," alisema.

Lakini walipofika, lilikuwa kuku. Kichwa kimezama mabegani, mkia umeinuka, linaangalia maji. Kando yake palikuwa na benchi la mbao alilolitengeneza Bernardo, na nyuma, hatua tano, shina la mulamula nene kama paja la mtu, lina makovu ya panga juu hadi chini, na katika kila kovu limechipua machipukizi mawili. Chini yake mawe yalikuwa yamepangwa kwa mkono, marefu kwa urefu wa mtu. Magugu yaliyafunika nusu.

Eustakia alipiga magoti, akayaondoa magugu kwa vidole. Alikuwa hajui aseme nini kwa mtu asiyemjua, basi akasema linalosemwa. "Shikamoo, Bibi," alisema. "Mimi ni mke wa Ansbert." Akalia kidogo, bila kujificha.

Bernardo alivua kofia. Alikuwa amepoteza kicheko chote. "Kaburi la nani?"

"Mama yake baba mkwe wangu."

"Anaitwa nani huyo baba mkwe? Lazima niandike kwenye daftari."

Eustakia akafunga mdomo. Adelfina na wenzake, waliojua, wakatazama pembeni. Mwishowe alichukua kijiti, akasawazisha mchanga kwa kiganja, akaandika kwa herufi kubwa zile zile za ubaoni: DESDERIUS. Kuandika si kutamka. Darasa zima lilisoma kimoyomoyo bila kukosea, na hilo pekee lingetosha kuwapa ushindi wa wilaya mara ya pili.

Kisha akamweleza Bernardo yote: tawi ambalo halikukatwa, nyumba namba thelathini na moja, kifua, na neno gesti. Hakuomba. Alikuwa mwalimu, na kibao alikisoma. Bernardo akanakili jina lile kwenye daftari, na chini yake akaandika: kila mgeni apige hodi.

Bernardo alizunguka lile shina mara mbili. Alitazama makovu aliyoyafanya mwenyewe. Baada ya hapo alirudi kwenye safu ya vigingi, akainama pale ambapo kimoja kilikuwa kimeota ukingoni kabisa mwa njia, akakivuta polepole mpaka kikatoka na mizizi yake.

"Hiki kinaziba njia," alisema. "Nina amri ya kung'oa vyote vinavyoziba. Nikishang'oa ni takataka, na takataka za hifadhi hazina pa kutupwa kisiwani. Kanitupie ng'ambo."

Alikifunga kwa gunia lenye unyevu, akamkabidhi Eustakia kwa mikono miwili. Theonest, ambaye alinyang'anywa unyoya, alitaka kusema neno, lakini Adelfina akamkanyaga mguu.

Nyumbani, Desderius alikuwa ameketi barazani. Eustakia alimwamkia, akaweka gunia miguuni pake, akafungua. Mzee alitazama. Hakugusa. Aliuliza kama ziwa lilikuwa limetulia, akaambiwa lilitulia. Akasema amechoka, akaingia ndani.

Kile kigingi kilikaa siku tatu kimeegemea ukuta. Eustakia alikinyunyizia maji kila asubuhi na roho yake ilikuwa juu. Aliona kwamba amekosea: alimletea mtu kitu alichokikataa kwa miaka kumi na mitatu, tena bila kutumwa. Siku ya pili jani moja lilinyauka, akamwuliza Ansbert akitupe au akipande yeye mwenyewe. Ansbert, kwa mara moja, akajibu. "Usikipande wewe," alisema. "Mngoje."

Siku ya tatu mzee alimwita.

"Mama Deo. Ile njia mliyopita. Inafika wapi?"

"Inafika kwa Bibi, Baba. Pale ndipo watu wanapumzika. Kuna benchi."

"Watu gani?"

"Wageni. Wanakuja kila wiki. Wanaketi naye wanaangalia maji."

Mzee alikohoa. "Wanapita tu ovyo?"

"Sisi tulipiga hodi. Na yule askari amesema kuanzia sasa kila mgeni atapiga hodi. Ameandika kwenye daftari."

"Ameandika nini?"

"Jina la mwenyewe," alisema Eustakia.

Desderius akaomba aletewe jembe. Alitembea polepole mpaka langoni, akapumzika mara mbili njiani, akachimba shimo kwa mkono wake, akakipanda kigingi na kukishindilia kwa kisigino. Eustakia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuuliza.

Mvua za vuli zilipoanza, kiligeuka kijani. Na mvua hizo zikaja na vita. Mwisho wa Oktoba redio ya kijiji ilisema nchi imevamiwa kaskazini, kule Mto Kagera. Ansbert aliondoka na mgambo. Malori ya jeshi yalipita usiku na mchana hata vumbi likakosa muda wa kutua, na baadaye, upande wa pili wa barabara, wakaanza kupita watu: kwa miguu, kwa baiskeli, na vitu vyao vichwani.

Asubuhi moja ya Novemba mwanamume mmoja alisimama langoni na baiskeli. Nyuma ya baiskeli alikuwa ameketi mama yake, kikongwe, amefungwa kwa khanga asidondoke. Mkewe alibeba godoro. Walikuwa wametembea siku tisa. Walipita nyumba nyingi bila kuomba, lakini hapa kikongwe alinyoosha mkono, akashika jani la mulamula, akakataa kuliachia.

Eustakia aliweka mchi kando akawaendea mbio, Deodata mgongoni.

"Shikamoo, Bibi. Poleni na safari."

"Marahaba," alisema kikongwe, akiwa bado ameshika jani. "Hapa ni kwa nani?"

Eustakia alifungua mdomo, akaufunga. Akatafuta kijiti chini ili aandike, akakumbuka kwamba huenda bibi huyu hakusoma. Nyuma yake alisikia kiti cha barazani kikilia, na nyayo za mtu anayetembea polepole kwa sababu ya kifua.

"Kwangu," alisema Desderius. "Kalibuni ndani."